Kamba ya Yashoda: Kumlea Mtoto Anayeanza Kujitegemea
(Hotuba iliyotolewa ukumbini, jioni ya wazazi, katika maadhimisho ya hekalu letu)



Kamati imeniomba nizungumze kwa Kiswahili, kwa kuwa jioni hii tumejaliwa kuwa pamoja na majirani zetu, walimu wa chekechea na akina dada wanaotusaidia kulea watoto. Mimi si mwalimu wala daktari. Ninacholeta mbele yenu ni kosa langu mwenyewe na somo nililolipata kwalo.

Ujanani nilifungua duka asubuhi na mapema, nikarudi nyumbani usiku mwanangu ameshalala. Siwezi kuwaambia alianza kutembea lini, wala neno lake la kwanza lilikuwa lipi. Leo duka liko mikononi mwake, nami hushinda nyumbani na mwanawe mwenye umri wa miaka miwili. Nimeanza shule nikiwa na mvi. Mjukuu huyu huniita Dada, kama Wagujarati tunavyomwita babu mzaa baba. Na binti anayetusaidia kazi naye ni dada kwa Kiswahili. Zamani akiita, tuliinuka wawili. Siku hizi hamtaki hata mmoja wetu. Ukimshika mguu umvishe kiatu, anauvuta na kusema, "Mwenyewe!"

Jioni moja niliwasha taa ya samli katika chumba cha sala, kisha nikatoka kupokea simu ya dukani. Niliporudi, mtoto alikuwa amesukuma kigoda, amepanda juu yake, kiberiti mkononi, na mkono wa shati lake ukielea karibu na mwali. Nilimnyakua, nikamchapa kiganjani na kumkemea kwa sauti iliyosikika hadi ghorofa ya juu. Moto haukumgusa, aliyemuumiza ni mimi. Kwa siku nne baadaye, kila kengele ya sala ilipolia, alijificha nyuma ya sari ya bibi yake. Nilikuwa nimemfundisha kukiogopa chumba nilichotamani akipende kuliko vyote.

Hapo ndipo nilipokikumbuka kisa tunachokisoma kila mwaka katika Bhagavata Purana, kisa cha Damodar. Krishna mdogo alivunja chungu, akapanda juu ya kinu na kuwagawia nyani siagi. Mama Yashoda alimfuata na fimbo. Lakini alipoona mtoto ameingiwa na hofu, aliitupa. Akataka kumfunga kinuni, na kila kamba aliyoiunga ikapungua kwa vidole viwili, mpaka mtoto mwenyewe aliporidhia kufungwa. Na hata alipofungwa hakutulia: alikiburuta kinu, akaiangusha miti miwili.

Wenye elimu wataeleza maana ya kiroho ya kisa hiki. Mimi, kama babu, nimejifunza jambo moja la nyumbani: nguvu ya mtoto haifungiki, na kurefusha kamba hakusaidii. Kinachosaidia ni kuitengeneza nyumba, kisha kuipa mikono yake kazi.

Wahenga wamesema mtoto akililia wembe mpe. Nawaheshimu, lakini wembe, moto na dawa sitampa. Kwa hiyo nyumbani kwetu tulianza na hatari. Kiberiti kimewekwa juu kabatini, na taa imehamishiwa rafu ya ukutani. Mipini ya sufuria huelekezwa ndani ya jiko, na chai ya moto haikai ukingoni mwa meza. Ndoo humwagwa mara tu kazi inapokwisha, kwa maana kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito kwa mwili wake. Akiinamia ndoo hutumbukia, na maji ya sentimita chache yanatosha kumzamisha. Roshani haina kiti wala kigoda cha kupandia. Chevdo yenye karanga nzima tunakula sisi, yeye hapewi, kwa kuwa karanga humkaba kooni. Betri ndogo za mviringo zinafungiwa: mtoto akiimeza, inaweza kumuunguza umio ndani ya muda wa saa 2 tu, akimbizwe hospitali papo hapo. Na sisi wazee tujiulize: vidonge vyetu vya kisukari na vya shinikizo la damu viko wapi usiku huu? Mara nyingi viko kando ya kitanda, usawa wa mkono wake.

Nyumba ikishatengenezwa, "hapana" zinapungua, na zile chache zinazobaki zinapata uzito. Lakini lazima ziwe za watu wote. Katika familia zetu za pamoja, mama husema hapana sebuleni, na bibi hutoa peremende jikoni. Mtoto hapati uhuru hapo. Anajifunza tu nani wa kumwendea. Babu na bibi tukubali neno la mkwe wetu, na dada wa nyumbani naye aambiwe, tena asikilizwe, kwani ndiye anayemwona mchana kutwa.

Katika mambo mengine, tumwachie. Achague shati jekundu au la bluu. Ajivalishe viatu, hata kama itachukua dakika kumi na vikageuzwa kushoto kulia. Anaposema "hapana" na "mwenyewe" katika umri huu, si kiburi: ndiyo kwanza anagundua kuwa yeye ni mtu.

Sikumwita tena chumba cha sala. Nilishusha kengele ndogo hadi usawa wa kifua chake, nikaacha mlango wazi. Siku ya tano alichungulia, akaingia, akaigonga. Sasa yeye ndiye mwenye kengele, mwenye maua na mwenye lota ya maji. Nusu ya maji humwagika sakafuni. Juzi bibi yake alinyoosha mkono amsaidie, nikamzuia taratibu. Yule mdogo akatutazama wote wawili, akasema, "Mwenyewe."

Ndugu wenye maduka, tumezoea kusema tunafanya kazi kwa ajili ya watoto. Mwanangu yuko ukumbini. Namwomba mbele yenu afanye nisichofanya mimi: walau siku moja kwa wiki, afunge duka kabla jua halijazama, akamwone mwanawe akijivalisha viatu. Wateja watarudi kesho. Miaka miwili ya mtoto haitarudi.

Jai Shri Krishna.