Nyumba Inapouzwa, Maneno Yake Hurithiwa na Nani?



Nyumba kongwe ya mawe inapotangazwa kuuzwa mjini Lamu, tangazo huhesabu vitu: mlango wa nakshi, zidaka, boriti za mikoko, kuta za matumbawe na chokaa. Vyote vina thamani. Hoja yangu ni kwamba tangazo hutaja mapambo pale ambapo Kiswahili hutaja mahusiano.

Tuipite nyumba hiyo kwa majina yake. Nje ni daka, lenye mabaraza ya kukalia. Hapo mpita njia hupumzika bila kubisha hodi. Nyuma ya mlango ni tekani, na njia yake hupinda ili macho ya mtaani yasifike kiwandani, yaani uani. Sabule ni ya mgeni. Kisha hufuata misana, na mwisho ndani, chumba cha faragha kuliko vyote. Kila jina ni daraja la kuaminiwa. Wikio nalo, chumba kinachopita juu ya kichochoro, huunganisha nyumba za ndugu, wanawake wakatembeleana bila kushuka njiani.

Mbona basi watu huuza? Mirathi hugawa mafungu: mjane mwenye watoto hupata thumuni, na mwana wa kiume mafungu mawili kwa moja la dada yake. Boriti hazigawiki hivyo. Matengenezo nayo ni ghali. Warithi wanaouza hawastahili lawama.

Al-Inkishafi iliomboleza majumba ya Pate yaliyobomoka, lakini mtunzi wake alikuwa bado na neno la kila pembe. Sisi twaelekea kinyume chake: kuta zasimama, tena zimekarabatiwa, nayo majina yanaondoka pamoja na wenyewe. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Orodha ile hulinda majengo, haiwezi kulinda mazungumzo.

Mwaka 1975 Usam Ghaidan alichapisha utafiti wake juu ya mji huo. Wanafunzi wetu na waende na daftari kabla ufunguo haujakabidhiwa, wamwombe bibi wa nyumba awapitishe chumba kwa chumba, wayaandike majina kwa lahaja yake ya Kiamu. Hati ya mauzo huhamisha kuta. Msamiati hauna hati. Hurithiwa na aliyeuliza.