Kabla ya Kuingia Chumba cha MRI

Mtaalamu wa mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, akikuuliza maswali mengi, usichoke kumjibu. Sumaku ya mashine nyingi za aina hiyo ina nguvu ya tesla 1.5, na haizimwi hata usiku. Inaweza kuvuta mtungi wa oksijeni kwa kasi ya kuua.

Kwa hiyo mweleze bayana: Una kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo? Umewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni? Una ujauzito? Vua saa, hereni na pini za nywele. Simu iache nje.

Mashine haitumii mionzi ya eksirei, ila ina kelele. Atakupa vizibo vya masikio na kitufe cha kumwita. Tulia, picha zitoke safi. Usione haya kusema ukweli: jibu lako linaokoa maisha.