Usiku ule ndani ya ndege, na sakosi iliyojaa zawadi

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama wetu katika mkutano wa mwezi, Uvira. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)



Mwenyekiti ameniomba niseme kidogo juu ya kusafiri na mtoto mchanga kwa ndege ya usiku, mama akiwa peke yake. Najua wengi hapa walirudi kwa meli toka Kigoma, wengine kwa gari toka Burundi, na mtu anaweza kusema: haya ya ndege ni mambo ya Bulaya, yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Sasa hivi tuna dada zetu watatu wanaojitayarisha kurudi na watoto wa mikononi. Mmoja ameniandikia: "Dada, usiku mzima peke yangu na bebe, nitaweza?"

Nilimjibu: utaweza. Lakini usifanye kama mimi.

Mimi nilirudi mwaka 2018, nilipomaliza masomo Ubelgiji. Binti yangu alikuwa na miezi 7. Baba yake alikuwa ametangulia, kazi ilimngojea hapa. Safari ilikuwa hivi: ndege ya usiku toka Brussels hadi Addis Abeba, zaidi ya saa saba, asubuhi ndege nyingine hadi Bujumbura, kisha gari, Gatumba, mpaka, na nyumbani.

Kosa langu la kwanza lilianza nyumbani, wakati wa kufunga mizigo. Valizi mbili zilijaa, na bado kulikuwa na zawadi: viatu vya mashemeji, manukato ya mama mkwe, simu ya shangazi. Nilikuwa nasikia haya. Nilijiambia: mtu ametoka Bulaya, atafikaje mikono mitupu? Basi nilitoa pampers ndani ya sakosi ya mkono, nikatia zawadi. Nilibakiza nne. Nguo za kubadilisha mtoto, moja. Zangu mimi, hakuna.

Kosa la pili: karatasi ya baba. Kwenye ukaguzi wa pasiporti waliniuliza, kwa heema kabisa: baba wa mtoto anajua kama unatoka naye? Sikuwa na barua yoyote. Na mtoto ana jina la baba, si langu. Nilisimama pembeni, moyo unapiga, hadi bwana yangu akatuma kwa simu picha ya kitambulisho chake na maneno machache. Walinihurumia, nikapita. Dada, usitegemee huruma. Tembea na barua ya baba, yenye saini iliyothibitishwa na ofisi ya serikali, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Kosa la tatu: nilimnyonyesha vizuri tukiwa bado tunangojea kupanda. Ameshiba, amelala, nikafurahi. Kumbe ndege inapopanda masikio yanaziba, na mtoto hajui kumeza mate kama sisi. Kunyonya ndiko kunayafungua. Yeye ameamka na maumivu, nampa ziwa, anakataa juu ameshiba. Alilia sana. Mtu wa nyuma akapiga ulimi. Mimi nilikuwa katikati ya wanaume wawili, maana sikujua kwamba kitanda kidogo cha mtoto, kile kinachotundikwa ukutani mbele ya viti vya kwanza, kinaombwa mapema.

Saa nane za usiku pampers ya nne ilikuwa imeisha, na mtoto ametapika kwenye blauzi yangu. Nilitaka kwenda choo, lakini mtoto nitamwachia nani? Mzee wa kando yangu alikuwa ameniuliza mara mbili: "Binti, nikusaidie?" Mara mbili nilisema hapana, niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa nimejiapia sitamwomba mtu kitu.

Mara ya tatu hakuuliza. Alinyoosha tu mikono. Nilimpa mtoto, nikaenda choo, nikajifungia, nikalia. Niliporudi binti yangu alikuwa anacheza na miwani ya mzee. Na mzee alikuwa ameshamwambia mhudumu shida yetu, mhudumu akaenda viti vya nyuma, akarudi na pampers tatu za mama mwingine ambaye mpaka leo sikumjua sura.

Tulifika Uvira mchana. Nilifunga kikwembe juu ya blauzi ili kuficha ile harufu. Mama mkwe alimpokea mtoto, akaniangalia toka juu hadi chini. Nikaanza kusema, mama, kuna zawadi ndani ya sakosi. Akaniambia: "Mimi sikungojea sakosi. Nenda uoge, ulale. Mtoto ninaye." Nililala mpaka kesho yake.

Sasa, kwa wale watatu, na kwa yeyote mwenye ndugu anayerudi, haya muyachukue:

Ukinunua tiketi, sema kwamba una mtoto na uombe kitanda. Viko vichache, na kina kipimo cha uzito, uulize. Mtoto chini ya miaka 2 anakaa juu ya mapaja, na analipiwa sehemu ndogo tu ya bei. Atapewa mkanda wake unaoshikizwa kwenye wako. Wakati wa kupanda na kushuka asifungwe mgongoni kwa kikwembe. Akae mbele yako na mkanda wake.

Mnyonyeshe ndege inapoanza kukimbia, na tena inapoanza kushuka. Kushuka ndiko kunakouma zaidi, na kunaanza mapema, karibu nusu saa kabla ya kutua. Kama ni biberoni, maziwa ya mtoto yanaruhusiwa kupita ukaguzini hata yakizidi mililita 100, yatoe uyaonyeshe. Mama naye anywe maji, juu hewa ya mule inakausha.

Pampers, hesabu moja kwa kila saa mbili, uongeze za kuchelewa. Nguo za mtoto mbili, blauzi yako moja. Zawadi zikikosa nafasi, zibaki.

Sirupu ya kumlaza mtoto, usimpe kwa ushauri wa jirani. Nyingine zinamchangamsha badala ya kumlaza, nyingine zinaharibu upumuaji. Uliza daktari.

Kuingia Congo, cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinaombwa kuanzia miezi 9. Mtoto wa chini ya hapo haombwi, lakini mama anaombwa.

Na mtu akikuuliza "nikusaidie?", sema ndiyo. Mara ya kwanza.

Wandugu, namalizia kwenu mnaobaki hapa. Kazini nakutana na wanaorudi kila wiki, na naona wengi wanaficha shida yao miezi ya kwanza kwa sababu ile ile iliyojaza sakosi yangu: wanaogopa tutahesabu walichobeba. Napendekeza mambo mawili. Kila anayerudi na mtoto mchanga, ushirika utume mama mmoja kumpokea mpakani Kavimvira, na nguo safi na chakula cha moto. Na siku ile asiulizwe ameleta nini.

Kwa yule wa kwanza, nitaenda mimi. Natafuta mwenzangu wa pili. Nani?