Vigae vya Metali Nyuma ya Jiko: Mazungumzo na Wananchi wa Tabora



Tumekuja kuzungumza juu ya vigae vya metali vinavyobandikwa ukutani nyuma ya jiko, ili mafuta na masizi yafutike kwa kitambaa. Ni pambo zuri, nasi hatukuja kulikataza.

Mji huu haukuanza leo kupenda metali ing'aayo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe ilibeba shanga, merekani na masango, yaani nyaya nene za shaba zilizoviringishwa na kuchukuliwa begani kwa mti. Nguo ilipimwa kwa mkono: shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Tabia hiyo ya kupima kabla ya kulipa ndiyo tunayoiomba irudi.

Kwa jina moja la vigae vya metali huuzwa vitu vitatu: metali yenyewe, iwe alumini au chuma kisichoshika kutu, ubao wa plastiki uliofunikwa kwa mabati membamba ya alumini, na karatasi ya kubandika iliyotiwa rangi ya fedha. Kwa juu vyote hung'aa sawasawa. Sumaku, ambayo wengi huitegemea, haitoshi, kwa kuwa alumini haivutwi nayo, na chuma kisichoshika kutu mara nyingi vivyo hivyo. Tazameni ukingo uliokatwa. Mkiona tabaka jingine katikati, hiyo si metali tupu. Mbao za alumini zenye kiini cha plastiki zilisaidia kueneza moto katika jengo la Grenfell mjini London mwaka 2017, na watu 72 walipoteza maisha. Hatusemi kwamba jiko la Isevya au Ng'ambo litawaka kama ghorofa lile. Tunasema kitu cha namna hiyo hakistahili kukaa shubiri moja kutoka kwenye moto wa gesi.

Ukuta wenye urefu wa mita 2.4 na kimo cha sentimita 60 huchukua vigae 16 vya sentimita 30 kwa 30. Ongezeni viwili vya kukatwa, kisha dai risiti inayotaja aina ya metali, si neno "vigae" peke yake. Kama nyumba ni ya matofali ya udongo, gongeni lipu kwa kidole. Panapolia uwazi, bandueni mpige lipu upya, la sivyo kigae kitaanguka na lipu yake.

Sasa tunaomba masikio yenu zaidi. Kigae cha udongo hakipitishi umeme. Cha metali hupitisha. Ukingo wake ukigusa waya ulio wazi ndani ya soketi, vigae vyote vinavyogusana huweza kubeba volti 230, wala ukuta hautaonyesha dalili yoyote. Atakayegundua ni yule ajaye kufuta mafuta kwa mikono yenye maji.

Kwa hiyo, kabla ya kazi zimeni swichi kuu, si swichi ya soketi tu. Tundu la kigae likatwe kwa nafasi, na makali yapigwe tupa yasije yakachuna ngozi ya waya au mpira wa gesi. Kufungua soketi si kazi ya fundi vigae, hata awe hodari namna gani. Ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na kumwomba aionyeshe si kumvunjia heshima. Mwulizeni pia kama ukuta huo unahitaji kuunganishwa na waya wa ethi, na kama nyumba ina kifaa kinachokata umeme unaovuja. Umeme ukirudishwa, mtu yeyote asiuguse ukuta mpaka fundi huyo amalize kuupima.