Mtunza Afisi ni Mtunza Haki za Watu

(Maneno ya hotuba kwa vijana wanaojifunza kazi ya afisi)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya kazi ya msaidizi wa mkubwa wa afisi, yaani yule akaaye chumba cha mbele, ambaye hushika shajara ya mkubwa wake, hupokea barua na simu, huandika kumbukumbu za mikutano, na huwaangalia makarani na matarishi. Wengine humwita katibu mahsusi, wengine humwita meneja wa afisi. Watu wengi hudhani kwamba kazi yake ni kupiga taipu na kuleta chai. Sivyo. Kazi yake hasa ni kutunza vitu vitatu, navyo ni wakati, karatasi na siri. Na yafaa mjue tangu leo kwamba katika vitu hivyo, kilicho cha mkubwa ni kidogo. Kilicho kingi ni cha watu wangojao nje ya mlango.

Vyombo vya kazi hii vimebadilika mara nyingi. Mwaka 1837 Isaac Pitman wa Uingereza alitoa kitabu cha hati mkato, watu wakaweza kuandika kwa kasi ya maneno ya msemaji. Mwaka 1874 kiwanda cha Remington huko Marekani kikaanza kuuza mashine za taipu. Leo tuna kompyuta na barua pepe. Lakini barua iliyosahauliwa ndani ya kompyuta imepotea sawasawa na ile iliyoanguka nyuma ya kabati.

Kwanza, wakati. Msaidizi mwema hajazi shajara ya mkubwa wake kama gunia la mahindi. Huacha nafasi kati ya mgeni na mgeni, kwa maana mazungumzo hurefuka na njia huwa na msongamano. Kila asubuhi humwonyesha mkubwa wake kazi ya siku hiyo, na karatasi za kila mkutano huziweka tayari jana yake. Akipokea simu, huandika jina, nambari, saa na shauri. Na mkutano ukiisha, kumbukumbu zake husema mambo matatu bila kuzunguka: jambo gani limeamuliwa, nani atalifanya, na lini.

Pili, karatasi. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Barua ikifika hupigwa mhuri wa tarehe siku ile ile, huandikwa katika rejesta, kisha hutiwa katika faili yake na kupewa nambari yake kwa utaratibu. Faili ikitoka masjala, lazima ijulikane imechukuliwa na nani. Na kama barua yangoja jibu, huandikwa tarehe ya kurudishwa mezani, ili faili irudi yenyewe kabla ya mtu kuja kulalamika. Mambo hayo yaonekana madogo. Lakini kumbukeni kwamba mwaka 2014 masjala ya ardhi jijini Nairobi ilifungwa kwa siku kadhaa ili mafaili yapangwe upya. Faili ya ardhi ikikosekana, mwenye shamba hawezi kuuza, wala kurithisha, wala kukopa.

Tuseme mjane ametoka Kitui kuja Nairobi kufuata malipo ya uzeeni ya marehemu mumewe. Ametoa nauli, amelala kwa jamaa yake, naye huambiwa, “Mama, barua yako haionekani, rudi mwezi ujao.” Mkubwa hakumwona hata kidogo. Aliyemnyima haki yake ni yule aliyeipokea barua bila kuipiga mhuri.

Sheria nayo yalitazama jambo hili. Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya mwaka 2016 yaagiza kwamba raia akiomba habari katika afisi ya serikali, apewe uamuzi upesi, wala zisipite siku 21 tangu ombi kupokewa. Ikiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Na asiyejua kuandika husaidiwa, maneno yake yakaandikwa. Mwenye jukumu mbele ya sheria ni mkubwa wa afisi. Lakini ni nani azihesabuye siku hizo? Ni mtu wa chumba cha mbele. Mhuri wake wa tarehe ndio shahidi wa mnyonge.

Tatu, siri. Msaidizi huona mishahara, maonyo, hata vyeti vya ugonjwa vya wenzake. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, ambayo yalinda habari za watu binafsi. Basi asizitoe sokoni, wala kwa ndugu yake, wala asiiache kompyuta wazi akiondoka. Lakini kutunza siri si kuficha ovu. Akiambiwa abadilishe tarehe ya barua, au aitoe karatasi katika faili, akatae kwa adabu. Kwa maana hiyo si siri tena, ni udanganyifu.

Nanyi wakubwa mlio hapa, nawaomba neno moja. Msimfiche msaidizi wenu safari zenu na ahadi zenu, kisha mkamlaumu wageni wakikosa kuwaona. Asiyejua hawezi kupanga.

Kwenu vijana nasema hivi: anayebisha mlango, awe mzee wa kijiji au tajiri wa mjini, mwamkieni, mpeni kiti, na mwambieni kweli. Kama jibu ni kesho, semeni kesho. Nayo kesho ikifika, jibu liwepo.