Beki wa Gubbio na Gharama ya Kusema Kweli: Upangaji wa Matokeo katika Soka la Italia



Nitazungumzia nchi ya mbali, lakini wengi humu ukumbini mnaijua ligi yake vizuri. Kila wikiendi mechi za Serie A zimo kwenye mikeka ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kijana anayebeti buku lake kwenye mechi ya Lecce au Atalanta anaamini jambo moja: kwamba wachezaji wote 22 wameingia uwanjani kutafuta ushindi. Imani hiyo imevunjwa Italia zaidi ya mara moja, tena na watu ambao mashabiki waliwapenda.

Kila kashfa ilipozuka, adhabu zilitolewa, na nyingine zilikuwa kali sana. Klabu kubwa zilishushwa daraja, viongozi walifungiwa maisha, wachezaji walipelekwa rumande. Hata hivyo haikupita miaka mingi kabla ya kashfa nyingine. Nimejiuliza kwa nini, na jibu nililofikia ndilo nitakalolitetea leo. Italia imekuwa hodari wa kuadhibu, lakini dhaifu wa kumlinda anayesema. Katika kashfa tatu kubwa nitakazoanza nazo, waliojua walikuwa wengi, na ukweli ulitoka kwa njia nyingine kabisa.

Muuza matunda na mwenye mgahawa

Ugonjwa huu ni wa zamani. Torino ilitwaa ubingwa wa mwaka 1927 ikapokonywa, kwa madai kwamba kiongozi wake alimhonga beki wa Juventus, Luigi Allemandi, kabla ya mechi ya watani wa jiji la Turin. Allemandi alifungiwa maisha, baadaye akasamehewa, na mwaka 1934 akawa bingwa wa dunia akiwa na timu ya taifa ya Italia. Lakini kashfa iliyoingiza polisi viwanjani ni ya mwaka 1980.

Ili kuielewa, lazima tujue Waitalia walivyokuwa wakibeti. Kihalali palikuwa na Totocalcio, mchezo ulioanza mwaka 1946. Mchezaji alijaza tiketi ya mechi 13, akiandika 1 kwa ushindi wa wenyeji, X kwa sare, 2 kwa ushindi wa wageni. Ni vigumu mno kuhonga mechi 13 kwa siku moja, kwa hiyo mfumo huo ulikuwa na kinga ndani yake. Kando yake lilikua soko la gizani lililoitwa totonero, ambako mtu aliweza kuweka fedha kwenye mechi moja tu. Mechi moja inapangika.

Massimo Cruciani alikuwa muuza matunda na mboga wa jumla mjini Roma. Rafiki yake, Alvaro Trinca, alikuwa na mgahawa walimokuwa wakila wachezaji wa Lazio. Wawili hao walianza kuwalipa wachezaji ili wapange matokeo, kisha wakaweka fedha nyingi kwenye totonero. Mambo hayakwenda walivyopatana. Timu iliyoahidi kufungwa ilitoka sare, iliyoahidi sare ilishinda, na madeni yakawazidi. Tarehe 1 Machi 1980 walifika kwa mwendesha mashtaka wa Roma kulalamika kwamba wachezaji wamewatapeli.

Jumapili ya tarehe 23 Machi, polisi waliwasubiri wachezaji viwanjani na kuwakamata. Milan na Lazio zilishushwa hadi Serie B; kwa Milan ilikuwa mara ya kwanza katika historia yake. Rais wa Milan, Felice Colombo, alifungiwa maisha. Mshambuliaji Paolo Rossi, aliyekuwa Perugia, alifungiwa miaka mitatu, adhabu iliyopunguzwa hadi miwili. Rossi alikana kosa hilo hadi mwisho wa maisha yake.

Naomba tutazame mambo mawili. La kwanza, wafichuaji walikuwa wahongaji wenyewe, tena kwa sababu biashara yao ilikwenda kombo. Vyumba vya wachezaji vya klabu kadhaa vilijua, na hakuna aliyepiga hodi kwa mwendesha mashtaka. La pili, kesi ya jinai ilipofika mahakamani, washtakiwa wote waliachiwa huru, kwa kuwa sheria ya Italia haikuwa na kosa la udanganyifu katika michezo. Kashfa ya pili ya totonero ikaja mwaka 1986, na ni Desemba 1989 tu ndipo ilipotungwa Sheria namba 401 iliyofanya kupanga matokeo kuwa jinai.

Katikati ya hayo, Rossi alirudi uwanjani majira ya kuchipua ya 1982, zikiwa zimebaki mechi chache msimu uishe. Alikwenda Uhispania, akaifunga Brazil mabao matatu, akamaliza mashindano na mabao sita na Kombe la Dunia mkononi. Nchi ilifurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi. Ila furaha ile ilizima maswali ambayo yalipaswa kuendelea kuulizwa.

Simu za mwaka 2006

Kashfa ya pili kati ya zile tatu haikuhusu kamari. Luciano Moggi, meneja mkuu wa Juventus, alikuwa akizungumza mara kwa mara kwa simu na Paolo Bergamo na Pierluigi Pairetto, watu wawili waliosimamia upangaji wa waamuzi. Waendesha mashtaka walidai pia kwamba Moggi aligawa laini za simu za Uswisi kwa waamuzi ili mazungumzo yasinaswe. Huhitaji kumlipa mwamuzi ikiwa mwamuzi anajua kuwa mustakabali wake uko mikononi mwa rafiki zako. Akiionea timu kubwa huruma, atapangiwa mechi nzuri. Akiiudhi, atakaa nyumbani. Woga wa namna hiyo hauachi risiti.

Mazungumzo hayo yalijulikana kwa sababu polisi walikuwa wakinasa simu, na Mei 2006 magazeti yakayachapisha. Shirikisho la soka likawekwa chini ya msimamizi maalumu, Guido Rossi, ambaye alimkabidhi uchunguzi Francesco Saverio Borrelli, yule mwendesha mashtaka aliyeongoza mjini Milan vita dhidi ya rushwa ya wanasiasa katika miaka ya 1990. Juventus ilipokonywa ubingwa wa misimu miwili na kushushwa hadi Serie B, na mwishowe ikakatwa pointi tisa. Baada ya rufaa na usuluhishi, Fiorentina ilikatwa pointi 15, Milan 8, Lazio 3.

Tarehe 9 Julai 2006, siku chache kabla ya hukumu ya kwanza, Italia ilitwaa Kombe la Dunia mjini Berlin. Kwa mara ya pili kombe lilikuja wakati nyumba inafagiliwa.

Kisha saa ikaanza kufanya kazi yake. Mahakama ya Napoli ilimhukumu Moggi kifungo cha miaka mitano na miezi minne mwaka 2011. Rufaa ilipunguza adhabu. Na Machi 2015 mahakama ya juu ikafuta shauri kwa kuwa muda wa kisheria ulikuwa umekwisha. Shirikisho lilimfungia maisha, naye akaendelea kukana. Mwaka 2011, mwendesha mashtaka wa shirikisho, Stefano Palazzi, aliandika kwamba Inter, iliyokuwa imepewa ubingwa wa 2006, nayo ilikuwa na mawasiliano na wasimamizi wa waamuzi yaliyostahili kushtakiwa. Muda wa kulifikisha jambo hilo mbele ya vyombo vya shirikisho ulikuwa umepita pia. Mashabiki wa pande zote mbili wanabishana hadi leo, na hawatapata hukumu ya kuwakata kiu. Haki inayochelewa namna hii inawafundisha wachezaji wadogo kwamba kusema hakuna faida.

Vinywaji vya Cremona

Tarehe 14 Novemba 2010, Cremonese ilicheza nyumbani na Paganese katika daraja la tatu. Wachezaji kadhaa wa Cremonese walianza kuishiwa nguvu na kusinzia. Mmoja wao alipata ajali ya gari akirudi nyumbani. Vipimo vilionyesha dawa ya usingizi mwilini, na kipa wa timu hiyohiyo, mtu aliyekuwa amezama katika madeni ya kamari, akatuhumiwa kuwawekea wenzake dawa hiyo katika vinywaji.

Kutoka chupa zile, mwendesha mashtaka wa Cremona, Roberto di Martino, alifuata uzi uliopita Ulaya Mashariki hadi Singapore. Juni 2011 watu wengi walikamatwa. Desemba alikamatwa Cristiano Doni, aliyekuwa nahodha wa Atalanta, ambaye alikiri sehemu ya makosa. Kule Bari, beki Andrea Masiello alikiri kwamba bao alilojifunga katika mechi dhidi ya Lecce, tarehe 15 Mei 2011, alilifunga makusudi kwa ahadi ya fedha. Bari ilikuwa imeshashuka daraja. Lecce ilihitaji ushindi ili ibaki. Rudieni mkanda wa bao lile mtaona jinsi ilivyo vigumu kumkamata mtu kwa macho: mpira wa krosi, beki ananyoosha mguu, kipa anapitwa. Kila wiki mabeki waaminifu hujifunga vivyo hivyo.

Na uzi huo wa Singapore haukuishia Italia. Mwaka 2019 FIFA ilimfungia miaka 10 mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya Kenya, kwa kula njama na Wilson Raj Perumal, raia wa Singapore, mpangaji mashuhuri wa matokeo.

Hapa nami sina budi kuwatendea haki waliotuhumiwa. Giuseppe Signori, mfungaji bora wa Serie A mara tatu, alikamatwa Juni 2011 mbele ya macho ya nchi nzima. Alisubiri miaka kumi kabla mahakama hazijamwachia huru, na shirikisho likamwondolea adhabu ya kufungiwa mwaka 2021. Kocha Antonio Conte alifungiwa miezi minne mwaka 2012 kwa madai ya kutoripoti alichokijua. Mwaka 2016 mahakama ya jinai ilimwachia huru. Anayetaka usafi katika soka adai pia upelelezi makini, maana tuhuma isiyo na ushahidi humpa mkosaji halisi mahali pa kujificha.

Wawili waliokataa

Aprili 2011, Fabio Pisacane wa Lumezzane aliahidiwa euro 50,000 na mkurugenzi wa michezo wa Ravenna ili timu yake ifungwe. Akakataa, akaripoti. Miezi michache baadaye, Simone Farina, beki wa Gubbio, timu ndogo ya Umbria iliyokuwa Serie B, alifuatwa na mtu waliyewahi kucheza pamoja. Alipewa ofa ya euro 200,000, agawane na wenzake, ili mechi ya Kombe la Italia dhidi ya Cesena ya tarehe 30 Novemba iende ilivyopangwa. Fikirini kidogo. Anayeleta ofa ni rafiki. Mechi yenyewe ni ya kombe dhidi ya timu ya daraja la juu, na Gubbio wakifungwa hakuna atakayeshangaa. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Kusema hapana na kunyamaza kulikuwa rahisi zaidi. Farina alikataa, akaenda polisi. Taarifa yake ilichangia kukamatwa kwa watu Desemba 2011.

Sifa zikafuata. Kocha wa taifa, Cesare Prandelli, alimwalika mazoezini. FIFA ilimfanya balozi wake Januari 2012. Lakini msimu ulipokwisha, hakuna klabu ya Italia iliyomsajili. Akiwa na miaka 30 alitundika daluga na kwenda Uingereza kufundisha vijana Aston Villa. Pisacane alibahatika zaidi. Mwaka 2016 alicheza Serie A kwa mara ya kwanza akiwa na Cagliari. Masiello, aliyekiri kujifunga kwa fedha, alitumikia adhabu akarudi Serie A. Simwonei kijicho kwa nafasi ya pili, kwa maana mtu akitumikia adhabu aruhusiwe kuishi. Nauliza tu imekuwaje mkosaji akapata mlango wa kurudia, na mkweli akakosa wa kubakia.

Jibu la swali hilo, kwamba anayesema halindwi, linaeleza kwa nini Mei 2012 Waziri Mkuu Mario Monti alifikia kupendekeza soka la kulipwa lisimame miaka miwili au mitatu, na bado mwaka 2015 rais wa Catania, Antonino Pulvirenti, akakiri kununua mechi tano ili timu yake isishuke. Katika simu zilizonaswa watu wake walizungumzia treni, na saa za treni zikawa namba za jezi za wachezaji waliolengwa. Miaka minne baada ya Cremona, wachezaji wa Serie B walikuwa bado wanafuatwa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Tunachopaswa kudai

Italia imejaribu kurekebisha sheria. Mwaka 2014 adhabu ya kupanga matokeo ilipandishwa hadi kifungo cha kati ya miaka miwili na sita. Mwaka 2018 ilipiga marufuku matangazo ya kamari. Hata hivyo mwaka 2023 vijana wawili wa timu ya taifa, Sandro Tonali na Nicolò Fagioli, walifungiwa kwa kubeti kinyume cha kanuni. Hawakupanga matokeo, na waliomba msaada wa kutibiwa uraibu. Lakini mchezaji mwenye deni la kamari ndiye anayetafutwa kwanza na mpangaji, kama Cremona ilivyoonyesha.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, mchezaji anayeripoti apewe ulinzi ulioandikwa: mkataba wake uendelee, na klabu zikimkwepa, shirikisho limlipe hadi apate timu. Pili, mishahara ya madaraja ya chini ilipwe kwa wakati, kwa sababu mnunuzi huanzia pale njaa ilipo. Tatu, mashauri ya upangaji yapewe mahakimu wa kutosha yaishe kabla muda wa kisheria haujayafuta.

Haya yanatuhusu na sisi. Jezi za Simba, Yanga, Gor Mahia na AFC Leopards zimewahi kubeba majina ya kampuni za kubeti, na wachezaji wetu wengi wanalipwa kidogo kuliko beki wa Gubbio. Viongozi wetu wa soka wasisubiri kashfa ndipo waandike kanuni. Waeleze leo, kwa maandishi na kwa bajeti, mchezaji wa daraja la kwanza anayekataa bahasha atampigia nani simu usiku huo, na kesho yake ataishi vipi. Shirikisho lisiloweza kujibu hilo halijaanza kupambana na rushwa, hata likiwafungia watu wangapi.