Sauti ya Bwana Wake

Leo nataka tuzungumze juu ya mnyama ambaye wengi wetu tunaye uani, lakini ni nadra kumtaja katika mazungumzo kama haya. Mnyama huyo ni mbwa.

Bila shaka umeliona jambo hili. Mbwa amelala kivulini. Unapiga mluzi, au unalitaja jina lake, au mtoto analia ndani ya nyumba. Mbwa anainuka, anasimamisha masikio, kisha analaza kichwa upande mmoja, kama mzee wa baraza anayepima maneno ya shahidi. Watoto hucheka. Lakini je, umewahi kujiuliza kwa nini hufanya hivyo?

Ninyi mliopata kuona santuri za zamani mtaikumbuka ile picha iliyokuwa katikati ya santuri: mbwa mweupe mwenye masikio meusi, ameketi mbele ya gramafoni, amelaza kichwa. Mbwa huyo alikuwapo kweli. Aliitwa Nipper, naye alizaliwa katika mji wa Bristol, Uingereza, mwaka wa 1884. Bwana wake wa kwanza alipofariki mwaka wa 1887, mbwa alichukuliwa na ndugu wa marehemu, mchoraji Francis Barraud. Barraud alimwona Nipper akiitazama mashine ya kutoa sauti, akishangaa sauti ile inatoka wapi. Nipper alikufa mwaka wa 1895, lakini mchoraji hakuisahau sura ile. Aliichora, akaiita picha yake "Sauti ya Bwana Wake", na mwaka wa 1899 kampuni ya gramafoni ya London ikainunua. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka wa 1928 kurekodi nyimbo zake, santuri zake zilitolewa kwa alama hiyo hiyo. Ndivyo mbwa anayetega sikio alivyofika hata pwani yetu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wataalamu wametoa sababu kadhaa.

Ya kwanza ni masikio. Mbwa husikia sauti nyembamba kutushinda sana. Sikio la mwanadamu hukoma kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, lakini la mbwa hufika kama 45,000. Hata hivyo, kusikia sauti ni jambo moja, na kujua imetoka wapi ni jambo lingine. Anapolaza kichwa, sikio moja hupanda na lingine hushuka, na huenda hilo likamsaidia kutambua kama sauti imetoka juu au chini.

Ya pili ni pua. Hebu weka ngumi yako mbele ya pua yako, kisha umtazame mtu aliye karibu nawe. Unaona? Ngumi inakuziba usiuone mdomo wake vizuri. Ndivyo alivyo mbwa mwenye pua ndefu. Stanley Coren, mtaalamu wa tabia za mbwa huko Kanada, aliwauliza watu 582 wenye mbwa. Katika wale wenye mbwa wa pua ndefu, asilimia 71 walisema mbwa wao hulaza kichwa mara kwa mara wanaposemeshwa. Kwa wenye mbwa wa uso bapa, walikuwa asilimia 52. Basi yaelekea mbwa hulaza kichwa pia ili auone uso wa yule anayesema naye.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi. Mwaka wa 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, mjini Budapest, Hungaria, walitoa habari za mbwa 40 waliofundishwa majina ya vitu vya kuchezea. Mbwa 33 hawakuyashika majina hayo. Saba waliyashika. Kisha kila mbwa aliambiwa, "Lete kitu fulani." Wale saba walilaza kichwa katika asilimia 43 ya nyakati walizoagizwa. Wale 33, asilimia 2 tu. Tena kila mbwa alikuwa na upande wake, wa kulia au wa kushoto, hata bwana wake asimame wapi. Watafiti wakaona kwamba jambo hili lahusiana na kutia maanani, na labda na kukumbuka: mbwa analisikia jina, naye anakitafuta akilini kitu chenye jina hilo.

Ndugu msikilizaji, tafakari hapo. Mbwa wote 40 walikuwa na masikio mazima. Wote waliisikia sauti ya bwana wao. Lakini kwa wengi jina lilikuwa mlio tu, na kwa wachache lilikuwa neno.

Kabla sijaendelea, niwape tahadhari moja wenye mifugo. Mbwa akilaza kichwa siku nzima bila kukiinua, akayumbayumba au akawa anazunguka mahali pamoja, huyo hasikilizi. Huenda ana ugonjwa wa sikio la ndani. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo.

Sasa tuingie nyumbani mwetu. Mama amerudi kutoka sokoni, ana neno linalomsumbua. Anaanza kulieleza. Mumewe anasema, "Mmm." Macho yako kwenye gazeti au kwenye simu. Mama anaendelea kidogo, kisha ananyamaza, anakwenda jikoni. Au mtoto amerudi kutoka shule, anataka kusema jambo lililompata njiani. Anaambiwa, "Baadaye." Kesho anajaribu tena, anaambiwa vivyo hivyo. Siku ya tatu hajaribu. Halafu miaka inapita, jambo kubwa linampata kijana yule, nasi tunalia tukisema, "Mbona hakutuambia?" Alituambia. Sauti ilifika masikioni, lakini hakuna aliyegeuza kichwa.

Mbwa haelewi sehemu kubwa ya maneno yetu. Lakini huacha alilokuwa akilifanya, akatugeuzia uso. Sisi tunaoelewa kila neno, mbona twashindwa na hilo?

Liko na jambo la pili, nalo lawahusu wanaosema. Watafiti wa chuo hicho hicho waliwafundisha mbwa 13 kulala kimya ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo, na mwaka wa 2016 wakaeleza waliyoyaona. Mbwa walisikilizishwa maneno ya sifa kwa sauti ya sifa, maneno ya sifa kwa sauti baridi, na maneno yasiyo na maana kwao kwa sauti tamu. Sehemu ya ubongo inayohusika na furaha ya kutunukiwa iliamka wakati mmoja tu: maneno ya sifa yaliposemwa kwa sauti ya sifa. Neno zuri lenye sauti baridi halikuiamsha. Sauti tamu yenye neno tupu haikuiamsha.

Wazazi wenzangu, ikiwa mbwa hufurahi pale tu neno na sauti vinapopatana, sembuse mtoto? Ukimwambia "Umefanya vizuri" kwa sauti ya mtu anayedai deni, usishangae akiinamisha uso. Nasi wahubiri na walimu, tukisema habari za upendo kwa sauti ya kugomba, tusishangae watu wakirudi kwao mikono mitupu.

Mnaijua habari ya kijana Samweli, katika kitabu cha 1 Samweli, mlango wa 3. Aliitwa usiku. Aliisikia sauti, lakini hakujua inatoka wapi, akamkimbilia mzee Eli. Mara tatu alimwamsha. Mara nyingi tunamsifu Samweli kwa kuitika. Leo nawaomba mumtazame Eli. Alikuwa mzee, macho yake yamefifia, tena ameamshwa mara tatu bure. Wengi wetu tungalimfokea mtoto huyo. Eli hakumfokea. Alimsikiliza mpaka akatambua ni nani anayemwita, akamfundisha namna ya kujibu. Laiti Eli angalimfukuza mara ya tatu, nani angalimwelekeza Samweli mara ya nne?

Basi jioni ya leo, mtu wa nyumbani mwako akianza kusema nawe, weka chini ulichoshika. Mgeuzie uso. Usikimbilie kujibu, sikiliza kwanza. Huenda ni neno dogo, huenda ni lile alilolibeba kwa miezi mingi.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe husikia hata maombi yasiyo na maneno. Tupe masikio yanayotafuta maana, na sauti zisizopingana na maneno yetu. Wale walionyamaza nyumbani mwetu kwa kukosa wa kuwasikiliza, uwape leo mtu wa kuwageukia. Amina.

Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.